Sura ya Tano: Mama Mkwe Anakuja kwa Dishi

Kwa miaka mingi filamu ilifika Nansio kwa meli. Ilitoka Dar es Salaam kwa basi, ikafika Mwanza, ikapakiwa pamoja na mabati, sabuni na kreti za soda, ikakata maji kwa saa tatu na ushei hadi gati la Nansio, makao makuu ya Wilaya ya Ukerewe. Isipopitia bandari ya Mwanza, ilizunguka na Bunda mpaka Kisorya, ikavushwa kwa kivuko hadi Rugezi. Mwanzo ulikuwa mkanda wa VHS, ikafuata VCD, kisha DVD. Ziwa likichafuka, filamu ilichelewa kama gazeti na mafuta ya taa vilivyochelewa, na mwenye banda la video alilazimika kurudia ile ya juzi huku watoto wakitamka maneno ya steringi kabla steringi mwenyewe hajafungua mdomo.

Siku hizi filamu haikati tiketi ya meli. Inarushwa kutoka Dar es Salaam kwenda kwenye satelaiti iliyotulia juu ya ikweta, kama kilomita 36,000 kutoka ardhini, na kutoka huko inashuka kwa wakati mmoja Masaki, Tandahimba na Ukara. Azam TV hutumia satelaiti za Eutelsat zilizoko nyuzi 7 mashariki, na Ukerewe iko nyuzi 33. Ndiyo maana madishi yake kisiwani yamegeukia magharibi na kuinua uso, yakitazama mahali jua linapokuwa kati ya saa nane na saa tisa mchana. Fundi hahitaji dira. Anasogeza dishi kidogo, anauliza aliye ndani kama picha imekuja, anakaza nati. Adui wake ni mvua, kwa sababu mawimbi yanayoshuka kutoka satelaiti hizo humezwa na mvua kubwa, picha ikaganda mdomo wazi. Na Ziwa Victoria ni miongoni mwa mahali penye radi nyingi kuliko pote duniani.

Mijini, Mwanza ikiwemo, waliwahi kufika waendesha kebo waliovuta waya kutoka nyumba hadi nyumba. Waya wa kebo hauvuki maji. Kwa visiwa 38 vya wilaya ya Ukerewe, chaneli ya kulipia maana yake ni dishi.

Sura hii inahusu kile kinachoshuka kwenye dishi hilo saa mbili usiku: filamu na tamthilia zilizotengenezwa tangu mwanzo kwa ajili ya televisheni, hazikuwahi kuota ukumbi wa sinema. Niseme mapema ninachoamini. Tunapoidharau Bongo Movie kwa kuipima na filamu za ukumbini, tunaipima kwa kipimo cha watu wengine. Ile ni filamu ya sebuleni, ilizaliwa ya sebuleni, na makosa yake makubwa ni ya sebuleni pia.

Marekani waliianza mapema. NBC ilionyesha *See How They Run* mwaka 1964, filamu inayohesabiwa kuwa ya kwanza kutengenezwa mahususi kwa televisheni. Mwaka 1969 ABC ikatenga usiku mmoja kila wiki kwa filamu mpya za aina hiyo. Miaka miwili baadaye, kijana aliyeitwa Steven Spielberg aliwapa *Duel*, hadithi ya dereva wa gari dogo anayefukuzwa na lori ambalo dereva wake haonekani sura. Aliipiga kwa kama wiki mbili. Ilikuwa nzuri kiasi kwamba iliongezwa urefu na kupelekwa kwenye kumbi za Ulaya, safari ya kinyume na kawaida. Na usiku wa tarehe 20 Novemba 1983 Wamarekani wapatao milioni 100 walikaa mbele ya ABC kutazama *The Day After*, filamu juu ya vita vya nyuklia. Hakuna ukumbi wa sinema unaoweza kukusanya watu wa namna hiyo kwa usiku mmoja.

Lakini hizo ni za kipekee. Mkate wa kila siku wa chaneli kama Lifetime na Hallmark ni mwingine: mwanamke aliyeponea chupuchupu kwa mume katili, au binti wa mjini anayerudi kijijini kwao siku za Krismasi akakutana na fundi seremala mpole. Tangu 2009 Hallmark hujaza miezi ya mwisho wa mwaka kwa hadithi hizo za Krismasi. Nyingi hupigwa Kanada, kwa wiki mbili au tatu, theluji ikiwa ya bandia. Mtazamaji anajua mwisho kabla ya mwanzo, na anakaa kwa sababu anaujua. Mwandishi wa filamu hizo ana bosi mmoja tu, tangazo la biashara: kila kipande lazima kiishie mahali ambapo mtu hathubutu kubadilisha chaneli hadi sabuni imalize kutangazwa. Wakosoaji huzicheka. Chaneli zinalipa mishahara.

Turudi kwetu. Zanzibar ilikuwa na televisheni, tena ya rangi, tangu miaka ya 1970. Bara ilisubiri hadi 1994, ITV na DTV zilipoanza. Kabla ya hapo filamu ya Kitanzania ilikuwa kazi ya serikali: Kampuni ya Filamu Tanzania ilitoa *Fimbo ya Mnyonge* katika miaka ya 1970 na *Arusi ya Mariamu* mwaka 1985, kwa filamu ya mkanda halisi, kwa gharama halisi. Kumbi za sinema zilipoanza kugeuzwa maghala na makanisa, mkanda huo haukuwa na pa kwenda. Kwa hiyo kizazi kilichofuata hakikuacha sinema, bali kilikuta sinema imekwisha kuondoka.

Kilichokuwepo ni ITV na maigizo yake. Kundi la Kaole Sanaa lilikuwa likiigiza humo mwanzoni mwa miaka ya 2000, na humo ndimo alimopita Steven Kanumba, kijana wa Shinyanga, pamoja na wengi ambao sura zao zilikuja kujaa kwenye makasha ya DVD. Mwaka 2003 George Tyson alitoa *Girlfriend*, akiwatumia wasanii wa muziki wa kizazi kipya kama TID, na biashara ikaonekana ipo. Mwaka 2006 ikaja *Dar 2 Lagos*, Kanumba akiwa na Wanigeria. Mwaka 2008 *Oprah*, yenye Kanumba, Ray na Irene Uwoya. Kampuni za usambazaji, Steps Entertainment ikiwa kubwa kuliko zote, zilinunua haki kutoka kwa mtayarishaji, zikachapa nakala kwa maelfu, zikazisambaza hadi kila stendi ya mabasi nchini.

Watu hawa walikuwa waigizaji wa televisheni, wakatengeneza kwa kamera za video, kwa ajili ya kutazamwa kwenye televisheni. Ukilikubali hilo, tabia zote za Bongo Movie zinaeleweka. Uso unapigwa kwa karibu kwa sababu kioo ni cha inchi 21. Maneno ni mengi kwa sababu mama yuko jikoni anasikiliza huku anachambua mchele, lazima aelewe bila kuangalia. Mambo yanatokea sebuleni kwa sababu nyumba imeazimwa kwa siku chache na sebule ndiyo yenye makochi mazuri. Hata lile geti, msomaji unalijua: honi inapigwa, mlinzi anakuja polepole, geti linafunguka, gari linaingia, linaegeshwa, mtu anashuka, anafunga mlango, anatembea hadi barazani, anagonga. Dakika tatu zimekwenda. Geti lile lilikuwa na hesabu zake. Msambazaji alitaka hadithi moja iuzwe mara mbili, sehemu ya kwanza na sehemu ya pili, kila moja kwenye kasha lake. Hadithi ya saa moja na nusu ikivutwa hadi saa tatu, geti lazima lifunguke polepole.

Kanumba alifariki tarehe 7 Aprili 2012. Umati uliojaa Dar es Salaam kumzika ulionyesha jambo ambalo wakubwa wa nchi hawakulitarajia: mtu ambaye karibu watu wote walimwona kwenye kioo kidogo tu, ndani ya nyumba zao, alikuwa amekuwa ndugu.

Kilichofuata kinajulikana. Vibanda vya kuingiza nyimbo kwenye simu vilianza kuingiza na filamu kwenye flashi, na nakala moja iliyofika Nansio ilizaa nakala mia kabla meli haijageuza. Mwaka 2013 serikali ilileta stempu za kodi za kubandikwa kwenye kazi za sanaa. Aprili 2017 wasanii wa filamu waliandamana Kariakoo wakilalamikia filamu za nje zinazouzwa bila kodi wala haki. Nilielewa uchungu wao, ila adui waliyemwandama hakuwa peke yake. Kasha la DVD lenyewe lilikuwa linakufa, kwa Mchina, kwa Mhindi na kwa Mbongo.

Walioiokoa filamu ya Kiswahili ni wenye madishi. MultiChoice ya Afrika Kusini, yenye DStv, ilikuwa imeonja soko kwa chaneli ya Africa Magic Swahili. Mwaka 2014 ikaja na Maisha Magic, ambayo baadaye iligawanyika, na Maisha Magic Bongo ikawa ya Tanzania. Azam, wa kundi la Bakhresa, walikuwa wamewasha mitambo mwishoni mwa 2013, miezi kadhaa baada ya Mwanza na miji mingine kuzimiwa mitambo ya analojia na kila mwenye televisheni kulazimika kutafuta king'amuzi. Muda huo ulikuwa mzuri kwao. Wakafungua Sinema Zetu, chaneli ya filamu za Kiswahili mchana na usiku, na mwaka 2018 wakaanzisha tamasha la filamu lenye jina hilohilo, na tuzo zake.

Chaneli hulipa kwa njia mbili, na tofauti yake ndiyo siri ya tasnia nzima. Njia ya kwanza ni leseni: umetengeneza filamu yako kwa fedha zako, chaneli inakulipa iionyeshe kwa muda mliokubaliana, kisha inabaki yako. Ya pili ni oda: chaneli inakupa fedha za kutengeneza, inasoma mswada, inachagua sura, na kazi ikiisha ni mali yake. Mwenye leseni amekodisha shamba, mwenye oda ameliuza na kubaki kibarua ndani yake, ingawa ni kibarua anayelipwa kwa wakati. Wengi walichagua oda, na siwalaumu. Kwa aliyezoea kuuza filamu kwa msambazaji mara moja na kusahau, mkataba wa miezi kadhaa ni neema.

Chaneli nayo ina hesabu yake. Filamu moja inajaza saa mbili, na kesho lazima utafute nyingine. Tamthilia inajaza mwaka. Hivyo filamu za kasha zikageuka kuwa tamthilia za jioni: *Huba*, *Kapuni*, na *Jua Kali* ya Leah Mwendamseke, ambaye wengi wanamwita Lamata na ambaye alianzia kwenye filamu hizohizo za DVD. Ukitazama kwa jicho la fundi, utaona kazi imepanda: sauti inasikika, taa zimewekwa, mwandishi anajua kumaliza kipande kwa mshtuko. Geti bado lipo, lakini linafunguka haraka.

Sebule ya hadithi hizi ni kubwa kuliko nyumba nzima ya mtazamaji wa Nansio. Nimewahi kusikia hilo likilalamikiwa na wasomi kama udanganyifu, na sikubaliani nao sana. Mtu aliyetoka shambani kuvuna mihogo, au aliyeshinda mwaloni akianika dagaa, hana kiu ya kutazama mihogo na dagaa. Anataka makochi. Shida yangu ni nyingine, nitaifikia.

Kabla ya hapo, neno juu ya anayelipia. Katika kaya nyingi za huku, king'amuzi hakikununuliwa kwa ajili ya tamthilia. Kilinunuliwa kwa ajili ya Simba na Yanga. Mwaka 2021 Azam walisaini na shirikisho la soka, TFF, mkataba wa haki za Ligi Kuu wa miaka 10, wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Baba analipia kifurushi mwezi wenye mechi kubwa, na tamthilia inapanda humohumo kama abiria. Ligi ikipumzika, kifurushi kinakatika, na hapo ndipo mama anatoa fedha zake za dagaa au za chama ili asipitwe. Ukitaka kujua nani ana nguvu ndani ya nyumba, angalia nani analipia mwezi wa Julai. Chaneli zinalielewa hilo. Tamthilia kubwa haikatishwi wakati wa mapumziko ya ligi, maana huo ndio wakati inapobeba kampuni mgongoni.

Mwaka 2018 watu wa visiwani walionyeshwa jinsi walivyo wadogo katika biashara hii. Mwezi Agosti, Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilisimamia sharti kwamba ving'amuzi vya kulipia vya Azam, DStv na Zuku haviruhusiwi kubeba chaneli za bure za nchini, kwa kuwa leseni zao hazikuwa za kazi hiyo. ITV, Star TV, Channel Ten na wenzao wakatoweka kwenye ving'amuzi hivyo. Kisheria hoja ilikuwepo: chaneli ya bure haipaswi kufungiwa ndani ya king'amuzi cha kulipia. Kwa mtu wa Dar es Salaam suluhisho lilikuwa kununua king'amuzi cha pili chenye antena. Kwa mwenye dishi moja kisiwani, ambaye hana fedha ya king'amuzi cha pili, hata Star TV, kituo chenye makao yake Mwanza, ng'ambo tu ya maji, kilizimika. Baadaye kanuni zilirekebishwa na chaneli zikarudi.

Si kila mtu ana dishi lake, hata hivyo. Banda umiza, lile banda la video, halijafa. Limebadilisha mtambo tu: mkanda umetoka, king'amuzi na spika kubwa vimeingia, umeme ukitoka kwa TANESCO au kwenye paneli za sola. Bwisya, kule kisiwani Ukara, kampuni ya JUMEME iliwasha mtambo wake wa umemejua mwaka 2016, na friji, mashine za kusaga na televisheni zikafuata kama ilivyotarajiwa. Kwenye mialo ya dagaa banda lina kalenda yake. Dagaa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mbalamwezi ikikaribia kujaa, taa hazina nguvu ya kuwavuta, na wavuvi wanapumzika. Hizo ndizo siku za neema kwa mwenye banda, na hataki filamu za sebuleni hata kidogo. Anaweka ngumi, bunduki, na mtafsiri.

Mtafsiri huyo ni urithi wa enzi za meli. Filamu ya Kihindi, ya Hong Kong au ya Marekani ilikuja na sauti ya Mtanzania juu yake, akieleza, akitania, akiongeza chumvi. Lufufu, yaani Derek Gaspar Mukandala, ndiye aliyepata jina kubwa kwa kazi hiyo Dar es Salaam, kama DJ Afro alivyopata Kenya na VJ Jingo Uganda. Wakosoaji waliwaona wahuni wa hakimiliki, na kweli hakuna aliyeomba ruhusa Hollywood. Lakini walithibitisha jambo ambalo kampuni zilichelewa kuliona: Mswahili atatazama hadithi ya taifa lolote ikizungumza naye kwa Kiswahili.

Wachina walilithibitisha rasmi. Mwaka 2011 TBC ilionyesha *Doudou na Mama Wakwe Zake*, tamthilia ya Kichina iliyoingiziwa sauti za Kiswahili. Mao Doudou ni muuguzi aliyeolewa na mwanamume ambaye wazazi wake wametengana. Kwa hiyo ana mama mkwe aliyemzaa mumewe na mama mkwe aliyeolewa na baba mkwe, na lazima awaridhishe wote wawili. Ilipendwa kiasi kwamba Rais Xi Jinping, alipohutubia Dar es Salaam Machi 2013, aliitaja kwenye hotuba yake. Mwaka 2016 kampuni yao ya StarTimes iliendesha mashindano nchini kutafuta sauti za kwenda kufanya kazi hiyo Beijing. Azam nao wakaja na Waturuki: *Sultan* ikaingia kwa Kiswahili sanifu, wake wa mfalme na mama yake wakipigana vita baridi ndani ya jumba moja. Hapo tena, mama mkwe.

Angalia kinachopendwa, kutoka Beijing, Istanbul au Mbezi. Vita si vya nchi na nchi, ni vya ukoo. Mke amekaa miaka hajapata mtoto na wifi ameanza maneno, mama mkwe amekuja kutembea akakataa kuondoka, binti amesoma sana na baba hajui amshike vipi. Filamu ya ukumbini inaweza kuzamisha meli na kulipua miji. Filamu ya sebuleni inahitaji mlango mmoja na mtu asiyekaribishwa anayebisha hodi.

Sasa nifikie shida yangu. Hadithi bora kabisa ya ukwe katika nchi hii iliandikwa Ukerewe, kabla Bara haijawa na kituo hata kimoja cha televisheni. Aniceti Kitereza, aliyezaliwa 1896, aliimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945. Hakupata mchapishaji. Aliigeuza mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House ikaitoa mwaka 1980 katika vitabu viwili: *Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka*, na *Ntulanalwo na Bulihwali*. Mwaka uliofuata mzee alifariki. Myombekere anampenda mkewe Bugonoka, ila hawajapata mtoto. Ndugu wa mume wanamsimanga, wazazi wa mke wanamchukua binti yao warudi naye kwao, na mume lazima aende kujinyenyekeza, apigwe faini ya pombe ya ndizi, aitengeneze, aipeleke, arudishiwe mke. Baadaye mganga, mimba, watoto, na maisha ya watoto hao. Ukiondoa mitumbwi ukaweka magari, hiyo ni misimu minne ya tamthilia. Wajerumani wameisoma kwa Kijerumani. Gabriel Ruhumbika, mwandishi mwingine wa Ukerewe, aliitia katika Kiingereza mwaka 2002.

Na kama Kitereza ni wa kale mno kwa mtayarishaji anayependa makochi, yupo Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Namagondo hapahapa Ukerewe, aliyefariki Januari 2020. *Rosa Mistika* yake ya 1971 inaanzia hapohapo Namagondo: baba mlevi na mkali, binti aliyefungiwa asizungumze na mvulana, kisha shule ya bweni, uhuru asioujua, na anguko. Kitabu hicho kiliwahi kupigwa marufuku shuleni kwa kusema wazi yale ambayo tamthilia za leo zinayaonyesha saa mbili usiku watoto wakiwa macho. Kwamba riwaya zetu zinaweza kupigwa picha, na zikafika mbali, si jambo la kubishia tena. Amil Shivji alilionyesha mwaka 2021 kwa *Vuta N'Kuvute* ya Adam Shafi, iliyooneshwa hadi Toronto.

Badala yake, Ziwa Victoria limezoea kuingia kwenye televisheni kwa msiba. Mwaka 1996 ilikuwa kuzama kwa meli ya MV Bukoba. Septemba 2018 ilikuwa MV Nyerere, iliyopinduka karibu na gati la Ukara na kuua zaidi ya watu 220, na kwa siku kadhaa kamera zote za nchi zilielekezwa Bwisya, kisha zikaondoka. Katikati ya misiba hiyo alikuja Hubert Sauper na filamu yake *Darwin's Nightmare* ya 2004, akaionyesha Mwanza kama jehanamu ya sangara na silaha. Ulaya walimpa tuzo, Rais Kikwete akaikemea mwaka 2006 na watu wa Mwanza wakaandamana. Wengi wa walioandamana walikuwa hawajaiona. Hasira yao ilikuwa na msingi kuliko ilivyodhaniwa, kwani watu walikuwa wanadai kuonekana wakiwa hai, wakiwa na wakwe, harusi, madeni na vichekesho, kama watu wa Beijing na Istanbul wanavyoonekana kwenye nyumba zao.

Kwa nini chaneli haziji? Sababu ya kwanza ni gharama: waigizaji, kamera, nyumba na marafiki wenye magari ya kuazima wako Dar es Salaam, na kulaza kikosi cha watu thelathini nje ya jiji kunakula bajeti. Ya pili ni mazoea. Anayenunua mswada ameona sebule ikilipa, ananunua sebule nyingine. Ya tatu ni sisi wenyewe wa Kanda ya Ziwa, tuliokubali kwamba Kiswahili cha Kisukuma na cha Kikerewe ni cha kuchekesha tu, kazi ya mlinzi wa geti. Hiyo ya tatu inaniudhi kuliko zile mbili.

Vijana hawajasubiri. Wanapiga vichekesho kwa simu na kuviweka YouTube, wakimwiga mchekeshaji Mkojani na wenzake, na wenye bando wanavitazama bila dishi wala kifurushi. Nyingi ni kazi duni. Baadhi zina jicho. Ila mchekeshaji wa simu hawezi kuibeba *Bwana Myombekere* peke yake, kwa sababu kazi ile inataka fedha za miezi, mavazi, mitumbwi, mashamba ya migomba, na mtu wa kulipa kabla hajaona faida. Wenye uwezo huo leo katika nchi hii ni chaneli za kulipia, na fedha zenyewe zinatoka, shilingi kwa shilingi, kwenye vifurushi vya watu kama wa Nansio.

Basi niwaambie wahariri wa Sinema Zetu na Maisha Magic Bongo, na wale wanaowaandikia miswada. Tafuteni wenye haki za vitabu hivi, mlipe haki hizo inavyostahili, mtafute waigizaji wanaokijua Kikerewe na Kisukuma, mje mpige hukuhuku. Migomba ipo, ziwa lipo, wakwe wapo. Na msiwape lafudhi yetu walinzi wa geti peke yao. Mpeni na steringi.